Kumsifu Mama kwa Taabu Yake

Ni ada katika mji wetu wa Mombasa kuwa anapozikwa mama mtu mzima, wanaume warudipo Kikowani hukaa barazani kwa wafiwa wakamtaja kwa wema. Ada hii ni njema, na dini yetu imetufundisha kuwataja maiti wetu kwa mazuri yao. Na katika mazuri yatajwayo, liko moja lisilokosa kusemwa: kwamba alikuwa mama wa kazi, hakujua kulala mchana, na amefariki unga ungali kwenye kucha zake. Watu hutikisa vichwa, husema Allahu Akbar, na wanawe waliokaa pale huona fahari. Sisi pia tuliona fahari ilipotufikia zamu yetu, na huu ni mwaka wa nne sasa.

Fahari ile haikudumu, na sababu ya kutodumu kwake ndiyo iliyotutia kuandika maneno haya. Twataka kuuliza swali ambalo si adabu kuliuliza mbele ya wafiwa, lakini si haki kulinyamazia milele. Mtu akisifiwa kwa kuwa alitaabika maisha yake yote, na wale waliokaa kumsifu ndio waliokuwa na uwezo wa kumpunguzia taabu hiyo, je, hiyo ni sifa yake au ni ushahidi juu yao?

Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifiwa na baba yetu akiwa hajafika miaka thelathini na mitano, akabaki na watoto watano. Alichojua ni kile walichokijua wanawake wengi wa Mji wa Kale: kupika na kushona. Baada ya sala ya Isha alikuwa akikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, akachuja tui, akakanda unga wa ngano kwa sukari, hamira na iliki, akaufunika kwa leso na kuuacha uumuke. Adhana ya Alfajiri ilikuwa ikimkuta ameshasukuma na kukata, na karai liko motoni. Mahamri yake na mbaazi za nazi ndiyo yaliyokuwa chakula cha asubuhi cha wachukuzi waliokuwa wakienda bandarini na cha watoto waliokuwa wakienda chuoni. Jua likipanda huosha masufuria, hupika cha mchana, na baada ya Adhuhuri hushika kofia. Asiyeshona hajui kofia ya mkono ni kazi gani. Kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, na kofia moja nzuri huchukua miezi. Mwenye duka huja kuichukua, akaigeuza upande huu na upande huu, akitafuta kosa apate kupunguza bei. Tumeyaona hayo kwa macho yetu tulipokuwa wadogo, wala hatukuyafikiri. Mtoto huiona kazi ya mamake kama alionavyo jua likichomoza.

Tulipokuwa watu wazima ilidhaniwa kuwa angepumzika. Walakini dada zetu wawili, kwa shida za maisha, walikwenda Bara Arabu kufanya kazi za nyumbani, kama walivyokwenda wanawake wengi wa pwani yetu katika miaka hii, wakamwachia watoto wanne. Basi akiwa na miaka sitini alianza upya: kuogesha, kuvisha, kupeleka madrasa, kukesha na mwenye homa. Wote walimwita Nyanya, lakini yule mdogo wao hakuwa akijua mama mwingine. Fedha zilizokuwa zikitoka kwa dada zetu zilifika mwezi huu na mwezi ule zisifike, kwa kuwa matajiri wa huko si wote walipao kwa wakati. Na mababa wa watoto hao? Mmoja alikuwa akileta samaki siku ya Ijumaa, akikumbuka. Wa pili hakuleta hata hicho.

Hapa yatupasa tusimame kidogo, maana jambo hili si la nyumba yetu peke yake. Vitabu vya madhehebu yetu ya Imam Shafi vimempa nyanya mzaa mama haki ya kumlea mjukuu mara baada ya mama mwenyewe. Hiyo ni haki aliyopewa kwa ajili ya huruma yake. Lakini vitabu hivyo hivyo vimeiweka nafaka ya mtoto juu ya babake, na vikasema kuwa mwenye kulea aweza kudai ujira wa ulezi. Watu wetu wameichukua nusu ya kwanza ya hukumu wakaitupa nusu ya pili. Mwanamume amwacha mwanawe kwa mkwewe, kisha twakutana naye msikitini, na tukimwuliza hali ya watoto asema, "Alhamdulillahi, wako kwa nyanya yao, wako salama." Wako salama kwa unga wa nani?

Alipofariki mama, jambo la kwanza tulilolishughulikia baada ya mazishi lilikuwa deni, kwa kuwa deni la maiti hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Tulifungua sanduku lake tukatoa daftari la skuli, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa kofia. Mama hakwenda skuli, lakini alisoma chuoni, naye alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mkubwa wa mtu asiye na haraka. Upande mmoja waliandikwa aliokuwa akiwadai mahamri. Upande wa pili aliandika anayodaiwa yeye: nazi, unga, makaa. Katikati zilikuwako kurasa za mchezo, ule wa wanawake kuchanga kila mwezi na kupokea kwa zamu. Kila alipopokea aliandika mwezi na alichokifanya: Mfungo Pili, bati la paa. Rajabu, ada ya skuli. Mfungo Nne, Minhaji ya mwana.

Minhaji hiyo ni kitabu cha Imam Nawawi, na nakala ile tunayo mpaka leo. Ndiyo tuliyosomea darsa zetu. Kwa zaidi ya miaka ishirini tulikuwa tukiamini kuwa tulinunuliwa na ami yetu. Tulimshukuru mbele za watu. Siku tulipokimaliza kitabu kwa sheikh wetu tulimwombea dua yeye, na mama yu jikoni apika chakula cha shughuli hiyo. Tulipoliona lile neno tulikwenda kwa ami yetu na daftari mkononi. Mzee alicheka kidogo, kisha akalia. Akasema, "Mimi nalitumwa tu. Mamako alinipa pesa zimefungwa kwenye ncha ya leso, akaniambia, mwambie ni zako, maana akijua zatoka kwenye mahamri ataacha darsa aende bandarini."

Tulikuwa tukijihesabu katika watu waliojitaabisha kutafuta elimu. Na kweli tulikesha. Lakini taa tuliyokesha nayo ilitiwa mafuta na mtu mwingine aliyekuwa akikesha chumba cha pili, na katika miaka yote ile hatukuwahi kumwuliza mafuta yatoka wapi.

Tulipolisimulia jambo hili katika darsa yetu, ndugu mmoja alitupinga, na hoja yake si ya kudharauliwa. Alisema: Mama alificha kwa kuwa alitaka thawabu kwa Mola wake. Mwenye ikhlasi hahesabu. Nanyi mkilitoa daftari mkaanza kuhesabu, mwaiharibu sadaka yake na kuifanya biashara. Tulilifikiri neno lake siku nyingi. Twaona kuwa amechanganya la mwenye kutoa na la mwenye kupokea. Mwenye kutoa ndiye aliyekatazwa kusimbulia. Mwenye kupokea ameamrishwa kushukuru, na atashukuruje mtu asiyejua alichopokea? Tena Qur'ani yenyewe imehesabu. Katika Sura ya Luqman, Mwenyezi Mungu alipomuusia mwanadamu juu ya wazazi wake wawili, alimtaja mama kwa kazi yake: mimba aliyoichukua kwa udhaifu juu ya udhaifu, na miaka miwili mpaka kumwachisha mtoto ziwa. Katika Sura ya Ahqaf ikatajwa jumla ya miezi, nayo ni thelathini. Hatukuambiwa tu kuwa mama ni mwema. Tumetajiwa uzito wa kazi yake na muda wake, na katika Luqman amri ya kushukuru imekuja baada ya hesabu hiyo. Basi ikiwa mimba na kunyonyesha vimehesabiwa, hatuoni kwa nini miaka thelathini ya kuamka usiku iwe ni aibu kuihesabu.

Imepokewa pia kuwa mtu wa Yemen alikuwa akitufu Al-Kaaba naye amembeba mamake mgongoni. Akamwuliza Abdullahi bin Umar kama amekwisha kumlipa. Akajibiwa kuwa hajamlipa hata pumzi moja katika uchungu wa kumzaa. Watu wengi wakisikia habari hii hutoka nayo natija ya ajabu: maadamu deni lenyewe halilipiki, basi hapana haja ya kuanza kulilipa. Lakini yule mtu wa Yemen hakuambiwa amteremshe.

Wala tusifahamiwe kuwa twaichukia kazi kwa mwanamke. Mama wa Waumini, Bibi Zainab binti Jahsh, alikuwa fundi wa mikono. Alikuwa akitengeneza ngozi na kushona, na pato lake alikuwa akilitoa sadaka. Mtume s.a.w. aliwaambia wakeze kuwa wa kwanza kumfuata yeye baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wenzake, wakawa wakipimana mikono. Alipotangulia Zainab, katika mwaka wa 20 wa Hijra, ndipo walipofahamu maana ya urefu ule. Kazi ya namna hii yastahiki kusifiwa mpaka siku ya Kiyama. Lakini msomaji atazame tofauti. Zainab hakuwa mtu aliyesahauliwa na jamaa zake akalazimika kuchuna ngozi ili watoto wa watu wengine wale. Alikuwa na fungu lake aliloandikiwa na Sayyidna Umar, na hilo nalo aligawa. Alifanya kazi na mlango u wazi.

Na Imam Shafi, ambaye wengi wetu pwani hii twafuata madhehebu yake, alizaliwa Ghaza mwaka wa 150 wa Hijra, akafiwa na babake angali mdogo. Mamake alimchukua akaenda naye Makka, akamlea katika ufukara. Wanavyuoni wameandika majalada juu ya mwana. Juu ya mama wameandika mistari michache, na katika nasaba yake wamehitilafiana. Hatuwalaumu, walikuwa na kazi kubwa zaidi ya kuhifadhi. Ila tangu tulione daftari lile, kila tufunguapo Minhaji yetu twakumbuka kuwa elimu hii yote iliyomo imepita katika mkono wa mjane.

Liko jibu la pili ambalo twalijua vizuri kuliko la kwanza, kwa kuwa sisi wenyewe tulilitumia miaka mingi. Nalo ni hili: "Mama mwenyewe hataki kukaa. Tumemwambia apumzike, akataa." Neno hili lina kweli ndani yake. Mama yetu alikuwa akiona raha watu wakija kumwita mlangoni. Alikuwa akijua nani ana wageni na nani ana mgonjwa kwa idadi ya mahamri tu. Kumnyang'anya karai kungalikuwa kumnyang'anya heshima yake, na tumewaona wazee waliowekwa kitako na watoto wao matajiri wakafifia kwa mwaka mmoja. Lakini iko mizani nyepesi ya kupimia. Siku mama huyo akisema leo siwashi moto, je, yuko mtoto atakayekwenda skuli na njaa? Akiwa yuko, basi hiari haipo hapo, na kusema kwetu kuwa mwenyewe hataki ni kujifariji. Kwetu yalikuwako matumbo manne. Nasi tulikuwa tukimwambia apumzike bila ya kumletea unga.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu hawakumwajibisha mke kupika wala kufua katika nyumba ya mumewe. Wamelihesabu kuwa ni ihsani yake. Ikiwa mke hakulazimishwa katika ujana wake, nyanya wa miaka sitini na mitano amelazimishwa na aya gani? Nafaka ya mzazi asiye na kitu iko juu ya mwana mwenye uwezo. Ni faradhi, si zawadi ya sikukuu. Hatusikii hotuba nyingi za Ijumaa juu ya faradhi hii. Tuzisikiazo sana ni za mabuibui ya mabinti, na sisi pia tumezitoa za namna hiyo, hatukatai.

Twaogopa kuwa neno "subira" limekuwa pazia kwetu. Subira ni ya mtu aliyefikiwa na jambo lisilo na wa kuliondoa: ugonjwa, mauti, ukame. Mama alipofiwa na mumewe alisubiri, na hiyo twaishuhudia. Lakini gunia la unga linalobebwa na mwanamke mwenye maumivu ya magoti kutoka sokoni, na wanawe wawili wamekaa barazani wazungumza, hilo si katika mambo ya kusubiriwa. Hilo laondoka kwa mtu mmoja kusimama.

Ilipokaribia siku ya arobaini palitokea maneno. Jamaa zetu walitaka khitma kubwa, ng'ombe na pilau, ili ionekane kuwa mama alizaa watu. Sisi tulikataa. Msomaji atadhani tulikataa kwa dalili alizozizoea: kuwa Sahaba Jarir bin Abdullah amesema kuwa wao walikuwa wakikuhesabu kukusanyika kwa wafiwa na kupika chakula baada ya mazishi kuwa ni katika maombolezo yaliyokatazwa, na kuwa Mtume s.a.w. alipopata habari ya kufa kwa Jaafar aliamuru jamaa zake wapikiwe, si wapikishwe. Dalili hizo tulizitoa, na zilijibiwa kwa makelele. Kilichokata shauri kilikuwa kingine. Tuliuliza pilau hiyo itapikwa na nani, tukaona ni dada yetu mdogo na wale wale wanawake wa mtaa waliokuwa wakipika pamoja na mama, wengi wao wana miaka kama yake. Tungalimkumbuka mwanamke aliyemalizwa na moshi kwa kuwatia wenziwe katika moshi siku nzima. Hapo hata ndugu yetu aliyekuwa mkali kuliko wote alinyamaza.

Fedha zilizokuwa zimechangwa kwa ng'ombe tuliingia nazo katika daftari. Muuza nazi alisema amesamehe, tukamlipa. Mwenye duka la unga hakusema amesamehe, tukamlipa pia. Waliokuwa wakidaiwa na mama, sisi warithi tulikubaliana kuwasamehe walio dhaifu. Mzee mmoja mchukuzi alikuja mwenyewe na fedha za mahamri ya zamani ambayo hayakuwa hata katika daftari, akasema alikula siku za mvua, hakukuwa na kazi bandarini, na mama akamwambia asiyaandike. Kisha tulikumbuka kuwa Saad bin Ubada alifiwa na mamake naye hayupo, akamwuliza Mtume s.a.w. kama itamfaa mama akimtolea sadaka. Akaambiwa itamfaa, akaitoa bustani yake. Sisi hatuna bustani. Kilichobaki tulikitia katika tangi la maji la madrasa waliposomea wale wajukuu.

Karai lake analo dada yetu mdogo. Apika mahamri kama alivyopika mama, na wale watoto wanne wamehamia kwake. Maana yake ni kuwa tulikuwa tumekwisha anza kumtengeneza mwingine wa kuja kusifiwa barazani. Wale mababa wawili tumewaita mbele ya wazee. Mmoja sasa aleta kila mwezi. Wa pili bado twamfuata, na tutamfuata mpaka kwa Kadhi ikibidi.

Bibi Aisha r.a. aliulizwa Mtume s.a.w. alikuwa akifanya nini awapo nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wake, hata wakati wa sala ukiingia akatoka kwenda kusali. Hadithi hii tumeisomesha mara nyingi, tukaieleza isnadi yake na maneno yake. Jumanne iliyopita baada ya Isha tulikwenda kwa dada. Alipotuona mlangoni alisema, "Kaka, bado sijakanda. Njoo Alfajiri." Tukamwambia hatukuja kununua, tumekuja kukuna nazi. Alidhani ni mzaha. Alitutazama, akatazama kanzu, akaingia ndani akatoka na kikoi kikuukuu. Kisha akaisogeza mbuzi kwa mguu, akatupa nazi mbili, akasema tuangalie vidole.